Sufuria Iliyomkatalia Kiboko

Hadithi!

— Ije!

Ije na nini?

— Ije na chumvi, ije na sukari, uongo tutaongeza wenyewe!

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma unayesinzia, ukikosa usije kuniuliza kesho.

Hapo kale, kwenye pango karibu na nyumba ya misheni huko milimani, aliishi Pimbi, mnyama mdogo wa kutosha ndani ya kapu la mayai. Alikaa na wanawe watatu na mama yake mzazi, bibi kizee asiye na jino hata moja. Bondeni, mtoni, alikaa Kiboko. Huyu alijipa cheo mwenyewe: Mwonjaji Mkuu. Chungu chochote kikipikwa, hakiliwi mpaka yeye aonje. Na akionja, jamani! Ukipika ugali, anaonja, kwisha. Ukipika maboga, anaonja, kwisha. Watoto wa wanyama walilala wakilamba mwiko.

Noeli ikakaribia. Bibi kizee akamwita Pimbi.

"Mwanangu, ujana wangu wote niliishi darini, juu ya jiko la misheni. Kila Noeli nilinusa pudini ya Wazungu, ile keki yao ya kuchemshwa. Kunusa tu. Nikiila mara moja, hata kesho nikifa, nitakufa nacheka."

"Lakini mama, pudini ile huchemka kutwa nzima! Kiboko ataisikia harufu kabla haijaiva."

"Si kwa chungu, mwanangu. Kuna ile sufuria ya presha waliyoitupa kwa kuvunjika mkono. Ile hufunga mdomo, na hupika upesi."

Wakaiviringisha mpaka pangoni. Wakachanganya unga, chenga za mkate, zabibu kavu, sukari guru, mayai, samli, mdalasini na kungumanga. Kila mmoja akakoroga amefumba macho, akaomba jambo moyoni, maana ndiyo desturi ya pudini. Wakajaza bakuli, wakalifunika kwa kitambaa, wakalifunga kamba, wakaliweka ndani ya sufuria juu ya maji kidogo. Wakafunga mfuniko, wakakoka moto. Kwanza mvuke ukaachwa utoke taratibu ili unga uumuke. Kisha Pimbi akaweka kizibo kizito cha chuma juu ya kitundu cha mfuniko, kuubana mvuke ndani.

Hapo ndipo balaa. Sufuria ilificha harufu, sawa, lakini nani alimwambia Pimbi kwamba inapiga mluzi?

Fyuuu-chi! Fyuuu-chi!

Wanyama wakaja mbio, wakasimama midomo wazi. Kobe akatoa kichwa, akaona, akakirudisha. Kanga wakanyamaza, na nyote mnajua kanga hawanyamazi. Chuma kinaimba! Hakina mdomo, hakina kifua, kinaimba!

Mara du! du! du! Kiboko huyo.

"Nani anapika bila kunijulisha?"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi.

"Marahaba. Fungua nionje."

Pimbi akamtazama mama yake. Bibi kizee alikuwa ameshika kijiko tayari. Pimbi akasimama mbele ya sufuria.

"Bwana Mkubwa, sufuria hii ina jeuri. Ifungue mwenyewe. Ukiweza, pudini yote yako, na pango letu chukua. Ukishindwa, usionje tena chungu cha mtu."

Kiboko akacheka mpaka mawe yakaporomoka. "Mimi, nishindwe na kisufuria? Naapa mbele ya wote: nikishindwa, mchana nitakaa majini hadi puani, sitaonekana jikoni kwa mtu!"

"Basi niambie, Bwana Mkubwa. Kuni niongeze au nitoe?"

"Ongeza! Moto mwingi, chakula kingi!"

Pimbi akaongeza. Kiboko akavuta kwa mguu wa kushoto. Akavuta, akavuta. Mfuniko, wapi! Fyuuu-chi!

"Kuni niongeze au nitoe?"

"Ongeza!"

Akavuta kwa mguu wa kulia. Akavuta, akavuta. Mfuniko, wapi! Fyuuu-chi! Fyuuu-chi!

"Niongeze au nitoe?"

"Ongeza, nimesema!"

Akauma mfuniko kwa meno yale kama vigingi. Mvuke ukamwingia puani. Fyuuuuuu!

"Mamaaa! Pua yangu!"

Akaanguka chali. Mlima ukatikisika.

"Sasa zamu yangu," akasema Pimbi. "Mimi natoa."

Akatoa kuni zote. Wakaipua sufuria, wakaiweka juu ya majani mabichi. Pimbi akakaa chini, akakunja mikono, basi. Hakuvuta, hakusukuma. Wanyama wote wakakaa naye, hakuna aliyekohoa. Fyuuu ikawa fyu. Fyu ikawa fi. Kisha kimya. Akakiinua kizibo kwa kijiti: psss. Akauzungusha mfuniko kwa mkono mmoja, mkono mdogo kama jani la mchicha.

Kwacha! Ukafunguka.

Wanyama wakasema "Aaah!" kwa pamoja, na wengine wakarudi nyuma. Mimi mwenyewe nikisimulia hapa nywele zinanisimama. Ule mvuke uliobana mfuniko, ukamshinda Kiboko na meno yake na misuli yake, ulikuwa umeondoka wenyewe!

Ikatolewa pudini, nyeusi, duara, inang'aa, inapumua mdalasini. Bibi kizee akatiliwa kwanza. Akaiweka ulimini, akafumba macho. Machozi yakamtoka.

"Wanangu," akasema, "kumbe harufu ilikuwa inanidanganya miaka yote. Utamu wenyewe umeipita mbali."

"Nami nilambe kitambaa basi," akaomba Kiboko.

"Umeapa, Bwana Mkubwa."

Kiboko akateremka mtoni, akazama hadi puani. Mkimwona mchana anapuliza pfuuu, msimcheke, anapoza pua.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa akitaka kuonja, mpeni chungu chote, msibishane naye. Pimbi alibisha, na mwaona yaliyompata: alishiba hata akashindwa kuinama. Msije mkaiga.

Hadithi nimeipakua yote. Kama ni tamu, gawaneni. Kama imeungua, niachieni mimi ukoko.