Sikitu na Mkonga Usiosikia

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesinzia?

Mfinye!

Mwenye chakula mdomoni?

Ameze, asikie!

Haya basi. Hapo zamani za kale, katika nchi ya majani marefu, palikuwa na ndama wa tembo, jina lake Sikitu. Sikitu alikuwa na mkonga, lakini mkonga wenyewe haukumsikia. Akiuambia kulia, unakwenda kushoto. Akikimbia, anaukanyaga, anaanguka pu! Akiona kiu, anapiga magoti mtoni na kunywa kwa mdomo.

"Mwanangu, mkonga hufundishwa," mama yake alikuwa akimwambia.

"Nitaufundisha kesho, mama."

Kesho ikija, anasema kesho tena.

Basi likaja jua. Jua, jua, jua! Mto ukakauka, maji yakabaki chini kabisa, ndani ya shimo jembamba mchangani. Mama akawa anayavuta kwa mkonga wake na kumnywesha mwanawe. Siku moja mama akakanyaga kisiki chenye ncha. Mguu ukavimba kama mtungi. Akalala chini, hawezi kuinuka.

"Maji, Sikitu," akasema kwa sauti ndogo. "Leo nichotee wewe."

Sikitu akaenda mbio. Akatumbukiza mkonga shimoni, akavuta. Maji yakapanda, yakamtekenya, chyaa! Akapiga chafya, yote yakamwagika mchangani.

Juu ya jiwe alikaa Nyani, amejishika mbavu kwa kicheko.

"Shikamoo, mjomba," Sikitu akasema, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba. Kazi hii huiwezi, mpwa wangu. Niletee ukwaju, nitakuchotea mimi."

Sikitu akazunguka pori zima, akatikisa miti kwa kichwa, akaleta lundo la ukwaju. Nyani akala wote. Kisha akajipenyeza shimoni, akachota kwa kiganja, akanywa. Akachota, akanywa. Akachota, akanywa.

"Na ya mama, mjomba?"

"Kiganja changu kidogo, mpwa wangu. Maji hayatafika huko kwenu." Akajifuta mdomo, akaenda zake.

Sikitu akalia. Alipochoka kulia, akatumbukiza mkonga tena. Akavuta polepole, akabana pumzi, akaondoka. Lakini njiani pumzi ikamshinda. Akahema, na maji ti, ti, ti, yakavuja yote. Alipomfikia mama, mkonga ulikuwa umelowa tu.

"Nimeshindwa, mama. Sikuleta kitu."

Mama akaushika ule mkonga, akaupitisha kwenye midomo yake iliyopasuka kwa kiu.

"Mara ya kwanza uliyamwaga palepale shimoni," akasema. "Sasa umeyafikisha njiani. Nenda tena, mwanangu. Nipo, nakungoja."

Sikitu akarudi. Safari hii hakuondoka upesi. Alivuta kidogo, akabana, akayarudisha shimoni. Akavuta, akabana, akatembea kidogo, akayarudisha. Akapiga chafya, akarudia. Akapaliwa, akarudia. Jua likamchoma mgongo, naye anarudia tu, hata akajua kuikunja ncha ya mkonga na kuhema kwa mdomo.

Ndipo akavuta maji mengi, akaenda taratibu. Akampita Nyani kichakani. Ukwaju wote ule ulikuwa umemwendesha tumbo, hana hata nguvu ya kucheka.

Sikitu akafika. Akaingiza mkonga kinywani mwa mama, akamimina. Glu, glu, glu! Mama akafumbua macho.

"Yapo mengine?" akauliza.

"Yapo, mama! Nakwenda kuyaleta!"

Akayaleta siku ile, akayaleta siku zilizofuata, mpaka mguu wa mama ukapona. Wakaenda shimoni pamoja, kila mmoja akanywa kwa mkonga wake.

Basi, wanangu, jambo gumu likikushinda leo, usilitupe. Tazama umefika wapi ukilinganisha na mara iliyopita, kisha urudie, na urudie tena. Na anayekuambia huwezi, mtazame vizuri: huenda ana kiu yake mwenyewe.

Hadithi yangu imefika mwisho, imeketi. Aliyeisikia aende nayo, aliyesinzia amwulize jirani.