Ukuta Ulioelekea Kichochoroni

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Hadhramauti aliishi msimamizi wa waashi aitwaye Sheikh Habani bin Yaishi, Mwenyezi Mungu amrehemu, mja mpole wa ulimi na hodari wa kazi. Kabla yake waashi walisimamiwa kwa bakora, basi kila ufa ukafunikwa kwa lipu. Nani angekiri kosa, na mgongo anao mmoja?

Habani alikuwa na ada yake. Ukuta ukipinda, hakuuliza, "Nani?" Aliuliza, "Tumekosea wapi?" kisha akashika nyundo yeye kwanza.

Wakawa wanajenga msikiti wa Ijumaa, na liwali ameahidi kuja kuufungua. Ukuta wa kibla umekwisha kupita kimo cha mtu, ndipo mwashi Dhakwani alipogundua kwamba siku ya msingi, kwa haraka zake, uzi wa kupimia ukuta aliufuatisha kichochoro, si kibla. Umma mzima ungeswali umeikosa kibla. Akinyamaza, hapana ajuaye. Akisema, jina lake la ufundi limepotea. Baada ya swala ya alfajiri alisimama mbele ya wenzake akasema kweli.

"Allah akujazi kheri, ndugu yangu," akasema Sheikh Habani. "Umetuokoa." Akatwaa nyundo, akaangusha tofali la kwanza.

Liwali alipofika alikuta kifusi. Akauliza kwa ghadhabu, "Nani aliyeniharibia msikiti?"

"Ni mimi, bwana wangu. Msimamizi ni mimi."

Dhakwani akasogea. "La, bwana. Uzi niliuvuta mimi."

"Nami nilijenga juu yake bila kupima," akasema mwashi wa pili.

"Udongo niliukanda mimi," akasema mkanda udongo, ambaye wallahi hakuwa na kosa lolote. Wakasogea wote, hata liwali akakosa wa kumwadhibu.

"Zamani mlikuwa mkinyoosheana vidole," akasema, hasira imemshuka. "Jengeni. Nitakuja mtakaponiita."

Walijenga bila kusukumwa na mtu, na ukuta ukaielekea kibla barabara.

Ndugu zangu, bakora hupata utiifu, lakini ukweli haiupati. Nami kifua hunijaa kila nisimuliapo kisa hiki, kwani wajukuu wa waashi wale, wapitapo pale na watoto wao, hawasemi, "Ukuta huu waliujenga babu zetu." Husema, "Huu waliubomoa wenyewe."