Chumba cha Bi Mwanahawa

Sogeeni karibu, nina kesi na hakimu sina.

Katika mtaa mmoja wa Muheza walikaa wanawake watatu. Nuru, mtaalamu wa tiba ya viungo, alijaliwa mikono inayoujua mwili. Chausiku, mshona nguo, alijaliwa subira. Zamda alijaliwa ulimi.

Jirani yao Bi Mwanahawa, mjane, alikuwa na upweke tu. Kiharusi kilipompoozesha mguu, alibaki kitandani akisikiliza sauti za wapita njia.

Nuru ndiye aliyetangulia kubisha hodi. Akamkanda mguu, akamwonyesha namna ya kuuinua, kuukunja na kuukanyagia.

"Haya ndiyo mazoezi, mama. Usiyaache."

Peke yake hakuweza. Basi kila alasiri Chausiku alifunika cherehani yake, akaja kumpa bega la kuegemea, wakazunguka uani taratibu. Hakumharakisha hata mara moja.

Siku moja Bi Mwanahawa akaanguka. Akakata tamaa, akajifungia ndani. Chausiku akabisha, hakufunguliwa, akarudi alikotoka.

Zamda akaja, akaketi chini ya dirisha.

"Mazoezi ni ya wenye nguvu," Bi Mwanahawa akasema kutoka ndani.

"Nani kakudanganya, shoga? Mazoezi ni kuzoea. Mwili wako umezoea kulala, nawe umezoea kuwa peke yako. Fungua, uzoee kingine."

Hakuondoka mpaka komeo likalia.

Mazoezi yakaanza upya. Masika yalipokwisha, Bi Mwanahawa alikwenda sokoni kwa miguu yake, akarudi na fungu la mchicha. Mtaa mzima ukafurahi. Lakini kwa kuwa amepona, hodi zikakoma. Nyumba ikawa kimya kuliko wakati wa ugonjwa, maana sasa alikwisha kuzoea watu.

Akatangaza kwamba chumba chake cha pili atampa aliyemsimamisha, waishi kama ndugu. Wakaja wote watatu, kumbe kila mmoja naye alikuwa mpweke, akila peke yake.

"Nisingemfundisha, angefanya nini?" akauliza Nuru.

"Nisingemshika, angesimama na nani?" akasema Chausiku.

"Na mlango nani aliufungua?" akasema Zamda.

Bi Mwanahawa aliwatazama, ufunguo kiganjani. Alijua akimpa mmoja, huenda wawili wasirudi tena.

Haya, nyinyi mliosikia: ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?