Kikapu cha Mama Hoza

Hapo zamani, huko milimani Usambara ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni, aliishi mama mmoja aliyeitwa Mama Hoza. Nyuma ya nyumba yake alipanda rasiberi, yale matunda mekundu, laini, yenye miti ya miiba. Kila Jumapili ya Mavuno alijaza kikapu, akakifikisha madhabahuni kabla ya mtu mwingine yeyote. Wengine walileta viazi na kabichi. Yeye alileta rasiberi, na kwaya ilikosea wimbo kwa kuzitazama.

Kisha Mungu akamchukua.

Mumewe, Baba Hoza, akawa haingii bustanini ila alfajiri, kusimama tu. Magugu yakapanda. Miti ikakauka. Watu walipompa pole alisema, "Asante." Walipomwita kanisani alisema, "Bado." Mwishowe akatangaza, "Hivi vijiti siwezi kuvitazama mwaka mwingine. Visipozaa, nang'oa vyote napanda viazi. Lakini atakayevifufua ndiye atakayebeba kikapu cha mke wangu siku ya Mavuno, na mimi nitamfuata nyuma mpaka kanisani."

Akaanza Tumsifu, mkwewe, mke wa Hoza. Alipalilia. Akabeba samadi kichwani, akaimwaga mashinani. Akamwagilia. Ila kukata alikataa. Kwao, mti wa marehemu hauguswi kwa kisu mpaka ukoo ukae umalize msiba, na ukoo ulikuwa bado unabishana ni lini utakaa. Basi vile vijiti vikavu akavifunga kimoja kimoja kwenye nguzo kwa kamba ya katani.

Jirani yao Gotifridi akachungulia. "Mwanangu, hii ni bustani au wodi ya waliovunjika miguu?"

"Cheka tu, baba. Lakini mbuzi wako mfunge."

Hakumfunga. Asubuhi moja mbuzi akaingia bustanini. Akala vijiti. Akala na kamba. Akala mpaka usawa wa udongo. Tumsifu alipiga yowe, watu wakaja wakidhani kuna msiba wa pili. Kila mtu akasema mbuzi ameruka uzio, na Gotifridi, kofia mkononi, kwa aibu akajenga uzio mpya, mrefu, imara.

Baba Hoza akachukua jembe. "Sasa hakuna cha kungoja. Viazi."

Hapo akafika Yunis, dada mdogo wa marehemu, na kigoda na nyuzi zake za kufumia. Akaketi katikati ya bustani.

"Shemeji, ondoka."

"Sitoki."

"Yunis, nalima!"

"Lima. Anzia hapa nilipokaa. Ila mchungaji utamweleza mwenyewe."

Akarudi kesho, na keshokutwa, na siku zote Baba Hoza alipotoka na jembe. Alifuma sweta mpaka mikono ya hiyo sweta ikamzidi urefu kila mtu kijijini. Mvua zikanyesha. Machipukizi mapya yakatoka ardhini, manene, ya kijani, mengine chini ya kigoda chenyewe. Yakatoa maua. Mavuno yalipofika, rasiberi zilikuwa nyekundu.

Basi Jumapili ile, mlangoni pa kanisa, watu watatu walikuwa wameng'ang'ania kikapu kimoja. Kwaya ilimaliza wimbo. Mchungaji akawaashiria waanze tena.

Tumsifu akasema, "Mizizi ilikula samadi yangu. Shingo yangu inauma hadi leo. Bila mimi ingekula nini?"

Gotifridi akasema, "Uliilisha, sawa. Lakini vile vikavu vilikuwa vinaibana. Nani alivikata? Mbuzi wangu. Na uzio ni wangu."

"Mbuzi wako mwizi!"

"Mwizi, lakini alipogoa vizuri."

Yunis akasema, "Samadi yako wewe na meno ya mbuzi wako wewe vingekuwa chini ya viazi leo. Nilikaa pale nikinyeshewa mpaka kigoda kikaota uyoga."

"Kukaa nako ni kazi?"

"Kajaribu."

Baba Hoza, aliyeahidi kufuata nyuma, akakohoa. "Kama mbuzi ana haki," akasema polepole, "basi jueni hakuruka uzio. Mlango wa bustani niliuacha wazi mimi. Niliingia mle alfajiri kumwambia marehemu kwamba nimechoka. Nikatoka nalia, nikasahau kufunga."

Naye akashika kishikio cha kikapu.

Kisha Yunis akacheka, Mungu amsamehe, pale pale mlangoni pa nyumba ya Bwana, na Baba Hoza akacheka pia, mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini kikapu hakuna aliyekiachia.

Kwaya imeanza wimbo mara ya tatu. Mlango wa kanisa ni mwembamba, haupitishi wanne. Rasiberi zinachuruza maji, na mchungaji amenyoosha mikono kuzipokea. Nyinyi mliokaa hapa, semeni haraka: mwenye samadi, mwenye mbuzi, mwenye kigoda, au mfiwa aliyesahau kufunga mlango, je, nani alistahili kutangulia na kikapu?