Sinia la Mferejini

Kilichoivia kwingine usikiite kibichi. Neno hili mmelisikia jana, vijana wangu, pale mlipomcheka yule fundi mgeni kabla hata hajashika msumeno, na sasa mnauliza limetoka wapi. Limetoka katika jiko moja la huku kwetu milimani Upare, siku ya Krismasi, na lilizaliwa na hasira.

Jiko hilo lilikuwa la Naelijwa, mke wa Mzee Sangiwa. Naelijwa alikuwa na sheria moja: kinywani mwa mtu wa nyumba yake hakiingii kitu ambacho hakijapita motoni. Hakuitunga kwa kiburi. Mtoto wake wa kwanza alikunywa maziwa mabichi, akaugua tumbo, akafa. Tangu hapo mama huyo alichemsha hata maji ya kusukutulia. Lakini sheria ikikaa miaka mingi bila kuulizwa huota pembe, na hiyo ya Naelijwa iliota.

Mwaka huo mwanawe Mbazi alikuja na mkewe, Subilaga, binti wa Mbeya, kula Krismasi ya kwanza ukweni. Subilaga alifika na hamu ya kupika. Kila alipoyakaribia mafiga, mama mkwe alimsogeza kwa kiwiko.

"Wewe bado mbichi, mkamwana. Menya ndizi."

Akamenya ndizi. Kesho yake akakata vitunguu. Mawifi wakapita wakimtania, "Wifi, kwenu mlikuwa mnashiba upepo?" Akacheka nao, lakini kisu kilikuwa kikigonga ubao kwa nguvu ambayo vitunguu havikuihitaji.

Siku moja kabla ya sikukuu akaamua: kama hapewi moto, atatengeneza kitu kisichotaka moto. Akatoa mkobani biskuti, kakao, siagi na makopo ya maziwa mazito matamu, vitu alivyovibeba kutoka mjini ili watoto wa ukoo waonje chokoleti. Akazitwanga biskuti kinuni, akailainisha siagi juani, akachanganya vyote mpaka mikono ikawa kahawia hadi viwikoni, kisha akashindilia ule mchanganyiko katika sinia la bati. Friji haikuwepo. Akalifunika vizuri, akaliweka kwenye mfereji nyuma ya nyumba, mahali penye kivuli, akalibana kwa mawe ili maji ya mlimani yapite chini yake usiku kucha.

Asubuhi ya Krismasi kile kitamu kilikuwa kimeganda, kinakatika kwa kisu. Subilaga alionja kona moja. "Leo watajua kwamba nami nina mkono," akajisemea, akaenda kanisani na moyo mwepesi.

Aliporudi, harufu ya sukari iliyoungua ilimpokea uani.

Alikimbia jikoni. Sinia lilikuwa sakafuni, tupu. Naelijwa alikuwa ameinamia sufuria, anakoroga uji mweusi unaofuka moshi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nakupikia kitu chako. Mbazi kaniambia hukukipika."

"Hakipikwi, mama."

"Basi si chakula. Umetia maziwa humu, mkamwana. Maziwa. Unajua mimi nimezika nani kwa ajili ya maziwa?"

"Najua. Ndiyo maana nilinunua ya kopo."

Subilaga aliokota kopo moja kwenye taka, akaliweka mbele ya mafiga. 

"Haya yalichemshwa kiwandani kabla hayajatiwa humu, na maziwa ya siagi vilevile. Biskuti zilitoka kwenye tanuri. Kakao ilikaangwa ndipo ikasagwa. Vyote vilipita motoni, mama. Vilipita kwingine tu, wewe hukuwepo."

Naelijwa aliacha kukoroga.

"Na mimi ni hivyo hivyo. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Wadogo zangu nimewasongea ugali kwa kuni zilizolowa mvua, moshi ukinitoa machozi, mpaka wa mwisho akaolewa. Halafu nafika hapa naambiwa mbichi, menya ndizi. Kama Krismasi ijayo ni ya kumenya ndizi, Mbazi atakuja peke yake."

Mawifi walikuwa wamesimama mlangoni. Safari hii hawakuwa na utani.

 Naelijwa aliipua sufuria, akaitazama, akatoka nayo hadi sebuleni walikokaa wageni.

"Mama Mbazi," Mzee Sangiwa akasema akinusa, "leo umeunguza?"

"Nimeunguza." Akaketi katikati yao, akaipakata sufuria juu ya kitambaa kinene, akaanza kukwangua ule uji uliogeuka makoko kwa kijiko na kuyala. "Kilikuwa kitamu cha mkamwana wetu. Alikitengeneza bila moto."

"Bila moto? Basi kilikuwa kibichi," akasema mzee, maana sheria ya mkewe aliijua.

"Kilikuwa kimeiva. Mimi ndiye nimekiunguza." Alitafuna, uso umekunjamana kwa uchungu wa makoko, akameza. "Kilichoivia kwingine usikiite kibichi."

Akaendelea kula mbele ya wageni wote mpaka sufuria ikabaki chuma kitupu.

Subilaga hakumkumbatia, wala hasira yake haikuisha siku hiyo. Hasira ya haki haizimwi kwa sufuria moja. Lakini jioni alipopita jikoni alikuta kigoda cha pili kando ya mafiga, kimewekwa upande usiopigwa na moshi. Naelijwa alikuwa amekaa kwenye kile kingine, anachambua mchele, hainui macho.  Subilaga akakaa, akasukuma kuni ndani.

Basi kesho fundi yule akija, mpeni mbao afanye kazi, nanyi mtazame kwa adabu. Kilichoivia kwingine usikiite kibichi.