Chujio Lililopigwa Pasi

Methali isemayo "Mficha uchi hazai" ikitajwa darasani, wanafunzi wa viti vya nyuma hupatwa na kikohozi cha ghafla, na mwalimu hulazimika kutazama dirishani mpaka kiishe. Hata hivyo maana yake ni nzito na ya heshima: anayeificha shida yake kwa kuona haya hujinyima msaada. Ushahidi ulitokea Nagoya, Japani, Alhamisi moja asubuhi, katika mkahawa wa Kitsutsuki, na vielelezo vyake ni vitatu: chujio, kopo na cheri.

Mwenye mkahawa alikuwa Mama Tomoe, mwanamke mfupi, mnene kiasi, ambaye hata mkurugenzi wa benki ya jirani alimwita Mama. Asubuhi, ukinunua kahawa kwake, ulipewa pia yai la kuchemsha na tosti iliyopakwa maharagwe matamu, bila kuongeza hata yeni moja. Wateja wa kudumu walinunua tiketi za kahawa, kijitabu kizima kwa mara moja, na vijitabu hivyo vilitundikwa ukutani nyuma ya kaunta, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe. Mteja akiingia, tiketi yake ilichanwa kabla hajavua koti. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, kwani kufanya hivyo ni sawa na kumuuliza jina lake kila siku.

Kahawa ya Mama Tomoe haikujua karatasi wala mashine. Ilichujwa kwa vitambaa viwili vilivyoshonwa mfano wa soksi fupi, kila kimoja na mpini wake wa waya, ambavyo vililala ndani ya bakuli la maji kwenye friji. Vilikuwa vyeusi kama masizi, na Mama alikuwa na sheria moja tu juu yake: kuvisuuza kwa maji, basi.

Hapo ndipo anapoingia Kanae. Alikuwa na miaka kumi na saba, na Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wake wa majaribio. Wazazi wake walikuwa madobi mtaa wa pili, na tangu akiwa darasa la pili alikuwa akinyoosha mashati ya watu katikati ya mvuke mithili ya kiazi sufuriani. Ombi lake kwa baba yake lilikuwa moja: afanye kazi mahali ambapo watu huingia na furaha badala ya madoa. Baba alikubali kwa shingo upande. Kanae akafukuzwa kwenye duka la mikate kwa kuangusha keki ya harusi, na baba akatoa sharti: "Huko kwa Tomoe wakikurudisha, unarudi kwenye pasi. Na tusizungumze tena habari hizi."

Asubuhi hiyo Kanae alitakiwa kuchuja kahawa peke yake. Saa nne kamili Mama Tomoe angeketi kwenye kaunta kama mteja, anywe kikombe kimoja, kisha aamue.

Sasa, mhudumu wa meza aliitwa Chizuru. Alikuwa na miaka kumi na tisa, uso wa mtawa na ulimi wa kasuku. Siku ya kwanza kabisa ya Kanae kazini, Chizuru alimvuta pembeni, akainamisha kichwa kwa majonzi na kumwambia, "Mdogo wangu, unaviona vile vitambaa? Vimeshonwa kwa shati la marehemu mume wa Mama. Miaka thelathini sasa. Usimtajie kabisa, atalia." Kisha akaenda kufuta meza, akasahau, kama wenye utani wanavyosahau. Kanae hakusahau.

Mwezi mzima mtoto huyo wa dobi alivitazama vitambaa vile akiumia moyoni. Shati la marehemu, lichakae kwa madoa kiasi kile! Alidhani sheria ya kusuuza kwa maji tu ilitokana na kukosa nafasi ya kufua. Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko ya mkahawa. Basi Jumanne mchana, walipofunga, alivitia vyote viwili kwenye kisanduku chake cha chakula akaenda navyo nyumbani. Alivilowesha, akavitia dawa ya madoa, akavifua mara tatu, akavisuuza kwa sabuni ya maji yenye harufu ya lavenda, akavianika, na mwisho akavipiga pasi. Alfajiri ya Alhamisi alivirudisha kwenye bakuli vikiwa vyeupe kama yangeyange, huku akitabasamu peke yake akingojea Mama Tomoe aangue kilio cha shukrani.

Tabasamu hilo liliishi hadi kikombe cha kwanza. Kanae alimimina maji moto taratibu kama alivyofundishwa, kahawa ikashuka, na harufu ikapanda. Ilinukia kama chumba cha bibi harusi. Alionja. Akalichukua chujio la pili, akachuja tena, akaonja. Hili lilitoa na povu.

Mama Tomoe alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, akichemsha mayai. Kumfikia kulihitaji hatua sita. Lakini mtu anaanzaje kumwambia mjane kwamba amemfulia mumewe mpaka akaisha? Kanae alilitazama pazia, akaitazama saa, akaamua kunyamaza.

Saa moja na nusu mlango ukalia kengele. Mzee Inukai, dereva wa treni mstaafu, aliingia na kuketi kwenye kiti alichokalia kwa miaka ishirini na miwili.

"Mzee, shikamoo," Kanae alisema, mkono wake ukiwa mbali na ukuta wa tiketi. "Leo nilikuwa nafikiri... labda ungeonja ile soda ya kijani. Ya tikiti. Ina aiskrimu juu."

Mzee Inukai alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayevuka reli.

"Na ile cheri inakuwepo?"

"Ipo, Mzee."

"Lete. Ila usiitangaze."

Baada yake walikuja walimu wawili wa kuogelea, wakapewa maziwa moto. Muuza maua akapewa chai ya mwani, na alipouliza sababu akaambiwa hii ni Wiki ya Mwani. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Mama ikasikika.

"Kanae, mbona leo siisikii harufu ya kahawa?"

"Upepo, Mama. Unaitoa nje."

Chizuru alirudi kaunta na sinia tupu, akaliweka chini polepole.

"Mzee Inukai anakunywa nini pale?"

"Soda."

"Naona ni soda, sijapofuka. Nauliza imekuwaje. Yule mtu alivunjika mguu mwaka juzi, na kabla ya kwenda hospitali alipita hapa kunywa kahawa."

Kanae alifungua friji akalitoa bakuli. Chizuru alichungulia, akakodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Umevifanya nini?"

"Nimevifua. Kwa ajili ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Si mume wa Mama, Dada. Ulinieleza mwenyewe. Shati lake."

Chizuru aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwake baada ya mwezi, yakiwa yamenenepa. Hapo sentensi moja ingetosha: nilikudanganya. Lakini angeisema, habari ingemfikia Mama Tomoe kwamba mhudumu wake amemuua mumewe kwa mdomo, na Chizuru aliipenda kazi yake. Akachagua njia ya waoga, akawa msaidizi.

"Sikia," alinong'ona. "Mama anaonja kikombe kimoja tu, sivyo? Niachie mimi."

Saa nne kasoro dakika kumi alitoka hadi kwenye mashine ya vinywaji iliyokuwa nje ya mlango, akarudi na kopo la kahawa chini ya aproni. Wakaipasha moto kwenye kisufuria cha maziwa, wakaimimina kwenye kikombe kizuri kuliko vyote, chenye ukingo wa buluu. Kopo tupu wakalificha ndani ya chombo cha miavuli.

"Hatajua," Chizuru alisema.

"Na akijua?"

"Basi utakuwa unapiga pasi, na mimi nitakuja kukusalimia."

Saa nne ilipogonga, Mama Tomoe alivua aproni, akapita kwenye pazia, akaketi. Kanae aliweka kikombe mbele yake kwa mikono miwili. Mama alikiinua. Kilipofika karibu na midomo, macho yake yakatua ukutani, yakasimama hapo.

"Tiketi ya Inukai haijachanwa," alisema. "Kwani leo hajaja?"

"Nipo," sauti ilijibu kutoka kwenye kona.

Mama aligeuka. Mzee Inukai alikuwa na sharubu za aiskrimu na mbele yake glasi tatu za kijani.

Mama alirudisha kikombe mezani bila kukionja. "Inukai. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Usinifiche. Daktari amekukataza kahawa."

Mzee Inukai alimtazama Kanae, ambaye uso wake ulikuwa mweupe kuliko chujio. Kwa kuwa alikuwa muungwana, aliamua kumsitiri. "Eeh," alisema. "Daktari."

"Moyo?"

"Moyo... kidogo tu."

"Baba yangu alikatazwa kahawa Jumatatu. Ijumaa tukamzika." Mama alinyoosha mkono kuchukua simu. "Nampigia binti yako aje kutoka Sapporo leo hii. Huwezi kulala peke yako na moyo wa namna hiyo."

"Tomoe, usimsumbue mtoto, ana kazi."

"Kazi itamsubiri. Moyo hausubiri." Alikwisha kuanza kubonyeza namba.

Kanae aliiona safari nzima kwa jicho la akili: binti akilia kwenye ndege, Mzee akilazwa kwa ajili ya soda. Aliona pia pasi ikipata moto mtaa wa pili.

"Mama, usipige. Mzee haumwi. Nimemnywesha soda mimi, kwa sababu kahawa hakuna." Alilileta bakuli, akaliweka kwenye kaunta, akainama mpaka paji la uso likagusa mbao. "Nimeharibu machujio. Nimeyafua kwa sabuni nyumbani. Na hiyo iliyo kwenye kikombe ni ya kopo. Naomba unisamehe. Najua hayana badala."

Mama Tomoe aliweka simu chini. Aliliinua chujio moja kwa vidole viwili, akalinusa.

"Lavenda," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Umelipiga na pasi?"

"Ndiyo, Mama. Na mkunjo nimeutoa katikati."

Mama Tomoe alifungua droo iliyokuwa chini ya kaunta, sentimita chache kutoka magoti ya Kanae. Ndani yake kulikuwa na machujio mapya kumi na manane, yakiwa yamefungwa kwa mpira.

"Nabadilisha kila baada ya miezi miwili," alisema. "Jipya unalichemsha pamoja na machicha ya kahawa dakika ishirini, harufu ya kitambaa inatoka, unaanza kazi. Saa moja ungeniambia, saa moja na nusu watu wangekuwa wanakunywa. Nani alikwambia hayana badala?"

Kanae aliinua kichwa. "Lakini lile shati..."

"Shati lipi?"

"La marehemu mume wako."

Chizuru aligundua ghafla meza ya mbali iliyohitaji kufutwa. Kabla hajaifikia, ngazi zililia, na mwanamume aliyevaa ndala akashuka kutoka ghorofani, kama ilivyokuwa desturi yake kila siku saa nne. Mwezi mzima Kanae alimjua kama mpangaji mkimya anayekula yai na kuondoka bila kulipa.

"Yai langu liko wapi?" mtu huyo aliuliza.

"Huyo hapo marehemu," alisema Mama Tomoe. "Msalimie."

Kanae alimsalimia. Marehemu, ambaye jina lake ni Seiji, alielezwa kisa chote huku akimenya yai, akasikiliza kwa utulivu mkubwa.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza.

"Haukutajwa, Baba," Chizuru alijibu kutoka meza ya mbali, akiwa amenywea kama kuku aliyenyeshewa. "Nilikuwa namtania tu mgeni. Nisameheni. Nilipaswa kusema tangu asubuhi."

Mama Tomoe alitwaa kikombe cha kahawa ya lavenda kilichopoa karibu na sinki, akamsogezea. "Kunywa. Rambirambi hiyo."

Chizuru alikunywa chote. Kwa muda wa saa nzima baadaye alinukia vizuri kila alipofungua mdomo.

"Na wewe," Mama alimgeukia Mzee Inukai, "moyo wako unaendeleaje?"

Mzee alifuta sharubu zake za aiskrimu. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kukiri, naye alikiri. "Miaka ishirini na miwili nimeitamani hii soda, Tomoe. Kila nikiingia, umeshachana tiketi. Nikaona haya. Mtu mzima, dereva wa treni, naagiza cheri."

"Ungesema."

"Ndiyo. Sasa nimesema."

Chujio jipya lilichemshwa. Dakika ishirini zilipotimia, Kanae alilikamua, akaweka kahawa, akamimina maji kama uzi, na harufu ikatambaa mpaka kwenye kona, hata muuza maua akaweka kando mwani wake. Mama Tomoe alishika kikombe. Mara hii hakuna kilichomzuia. Alikunywa, akameza, akatazama dari kwa muda ambao Kanae aliuhesabu kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Chungu kidogo," Mama alisema. "Kesho umimine polepole zaidi."

Akaenda kutazama mayai yake. Kanae alisimama pale na birika mkononi, na neno "kesho" lilichukua muda kidogo kumfikia. Lilipofika, alilijaza birika maji mapya akalirudisha motoni. Mtaa wa pili pasi ilikuwa ikipoa bila yeye.

Basi walio viti vya nyuma waendelee kukohoa watakavyo. Ushahidi umekwisha kutolewa, na hukumu ni ile ile ya wahenga: mficha uchi hazai.