Huenda za Pimbi na Chumvi ya Fisi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, kabla wanyama hawajajua kuoneana aibu, Simba alikuwa anamwoza binti yake. Mimi sikualikwa, lakini habari zote ninazo.

Mpishi alikuwa Nungunungu, mjane mwenye mkono mzuri wa mchuzi. Asubuhi ya harusi akatoka kuchota maji. Kurudi jikoni, lo! Sufuria nzima ya mbavu imelambwa mpaka inang'aa.

"Yowe! Nimekwisha mie!"

Na kweli, maana Simba alikuwa ameapa: mwizi wa kitoweo atageuzwa kitoweo.

Fisi akaja mbio kwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kale kanyama kadogo, hata mkia hakana. Lakini kijiji kizima ndiye pekee aliyejua kuandika. Na kwa Simba shtaka halikupokelewa mpaka liandikwe, lisomwe mbele ya watu, na mwenye shtaka aitikie "Ndivyo!" kila mstari. Akiitikia yote, mshtakiwa hana lake.

"Andika wewe! Nungunungu kala nyama ya harusi."

"Ulimwona, Mzee Fisi?"

"Nimwone ili iweje? Andika!" Fisi akaachama kumtisha.

Pimbi akasikia harufu ya vitunguu na binzari. Mh! Huyu naye tangu lini anapika?

"Naandika, mzee wangu, usikasirike." Kalamu ikaenda, kra, kra, kra.

Huko barazani wageni wamejaa, Nungunungu analia kwi kwi kwi. Pimbi akakohoa, akasoma:

"'Huenda Nungunungu alikula nyama.'"

"Ndi... Ebo! Huenda ya nini?" Fisi akauliza.

"Mzee, sisi tuliosoma, jambo tusilolishuhudia tunaliandikia huenda. Kwani wewe ulishuhudia?"

"Aah... hapana. Sikufika kabisa jikoni."

"Basi itikia."

"Ndivyo," Fisi akasema, shingo upande.

"'Inaelekea alikula peke yake. Labda aliimaliza yote.'"

Wageni wakaanza kucheka. Kanga, ambaye mdomo wake mnaujua, akamwambia jirani yake kwa sauti: "Shoga, hili ni shtaka au anatabiri mvua?"

"Kha kha kha!" Baraza zima likaangua kicheko. Fisi masikio yanamwaka moto. Kuchekwa harusini, mbele ya mabibi waliojipamba!

Pimbi akaendelea, taratibu, kama hasikii:

"'Yawezekana nyama ilikuwa imeiva vizuri. Na yamkini ilikuwa tamu sana.'"

"Yamkini! Yamkini!" Fisi akaruka juu. "Futa upuuzi wako! Tamu gani? Ile nyama chumvi imezidi, mpaka sasa ulimi unaniwasha!"

Lo! Wageni wote wakamgeukia Fisi.

Nungunungu akainua kichwa, machozi yakining'inia.

"Bwana Mkubwa," akamwambia Simba, "ni kweli, chumvi niliitia mara mbili, nilisahau. Nikaogopa, sikumwambia mtu yeyote. Lakini wewe, shemeji Fisi, umeionja wapi?"

Fisi akarudi nyuma. "Mimi... huenda... labda nilipita tu karibu..."

"Pole, mzee wangu," akasema Pimbi, akiifunika kalamu yake. "Hapo huenda haiingii tena."

"Ngrrruuu!" Simba akasimama. Fisi hakungoja kusomewa mstari mwingine. Tifu! Vumbi tupu. Wanasema alipita katikati ya mabibi, akakanyaga mkeka wa bi harusi, na hakuomba hata radhi.

Nungunungu akakaa chini pu, akashusha pumzi ndefu, miba yake yote ikalala kama nyasi zilizonyeshewa. Pimbi naye akaikunja karatasi yake. Harusi ikaliwa kwa maharage, na Simba akasema afadhali maharage kuliko chumvi ile.

Basi, watoto, usilolijua liseme kwa huenda, na mwenzako anayelijua mno, mwulize amelijuaje.